Mwanamke Aoaye

Katika Kiswahili twasema mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Wenyeji wa Mbeya na Iringa hawaoni ajabu katika maneno hayo, kwa kuwa kwao mtoto huhesabiwa kwa ukoo wa baba. Wanyakyusa wa Rungwe zamani walitoa ng'ombe wa mahari; na mume alipokufa, mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu, au na mwana wa mke mwingine. Hivyo nyumba haikukosa mume.

Wakuria wa Mara, nao wafugaji, wana njia nyingine. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume aweza kutoa ng'ombe mwenyewe na kuoa msichana. Nyumba hiyo huitwa nyumba ntobhu. Msichana huzaa na mwanamume aliyechaguliwa, na watoto huwa wa mwanamke aliyetoa mahari. Kinachotafutwa ni mrithi, si mapenzi ya mwili.

Basi, kati ya wanawake wawili, ni nani mume? Regine Smith Oboler alieleza mwaka 1980 kwamba Wanandi wa Kenya humhesabu mwanamke aliyeoa kuwa mwanamume: hutazamiwa kuacha kazi za kike, wala halali tena na wanaume. Lakini aliona pia kwamba mwenendo wa kila siku haukulingana sana na kanuni hiyo. Jina la mume, basi, lafuata ng'ombe. Na aliyeolewa hubaki na kazi zote za mke.

Hapo pana jambo zito. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Sheria hiyo hiyo yampa mjane uhuru wa kukaa apendapo na kuolewa na amtakaye, ijapokuwa desturi yakataa. Hivyo mjane wa Tukuyu alipata kinga, lakini mke wa nyumba ntobhu kule Tarime aliachwa nje ya ndoa, ingawa mahari yake ilipokewa. Nchini Kenya, mwaka 2011, Mahakama Kuu huko Mombasa ilikubali kwamba mke wa mwanamke Mnandi aliyefariki, pamoja na watoto wake, ni warithi.

Kwa hiyo tuandikapo habari za mwanamke aoaye, yatupasa kumwuliza na yule aliyeolewa: akifa mwenye ng'ombe, wewe na wanao mtakaa wapi?