Hesabu ya wagonjwa inaposhuka, tuisome namna gani?



Mwanzoni mwa mwaka 2021 wengi wetu tulipokea kwenye simu habari ileile: huko Uingereza hesabu ya wagonjwa wa korona inashuka. Hesabu ilikuwa moja, lakini maelezo yalikuwa matatu. Ndugu mmoja alisema, "Mmeona? Chanjo inafanya kazi." Mwingine akajibu, "Hapana. Imeshuka kwa sababu serikali imewafungia watu nyumbani. Chanjo haina kazi." Wa tatu akasema kwamba ugonjwa wenyewe haukuwa kitu, umekuja na utaondoka wenyewe.

Mimi pia nilikosea. Jumapili moja, wakati wa matangazo, niliwaambia waamini kwamba hatari inapita, kwa sababu hesabu za kwetu za wiki ile zilikuwa ndogo. Baada ya ibada mama mmoja muuguzi alinivuta pembeni, akaniuliza swali moja tu: "Pasta, wiki hii wamepima watu wangapi?" Sikuwa na jibu.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya swali lile na mengine yanayofanana nalo. Tutachukua mfano wa Uingereza, kwa sababu huko kufungiwa nyumbani na chanjo vilikwenda kwa wakati mmoja, na hesabu zake ziliandikwa vizuri. Kisha tutarudi kwetu mashariki mwa Kongo.

Mambo yalivyokwenda Uingereza

Tarehe 8 Desemba 2020, mama mzee wa miaka 90 alichomwa sindano ya kwanza ya chanjo katika hospitali ya mji wa Coventry. Wakati huohuo ugonjwa ulikuwa unapanda kwa kasi, kwa sababu aina mpya ya virusi, ile iliyoitwa baadaye Alpha, ilikuwa inaambukiza kwa urahisi zaidi. Kabla ya Krismasi, London na sehemu za kusini-mashariki ziliwekewa masharti makali, na mwisho wa Desemba masharti hayo yalikuwa yamefika sehemu kubwa ya England. Tarehe 4 Januari 2021 serikali ilitangaza kwamba watu wote wa England wabaki nyumbani na shule zifungwe.

Tarehe 8 Januari, hesabu ya siku moja kwa Uingereza nzima ilipita watu 68,000 waliokutwa na virusi. Baada ya hapo ikaanza kushuka, ikaendelea kushuka Februari na Machi. Ndani ya wiki hizohizo chanjo ilikuwa inapanda, na katikati ya Februari watu milioni 15 walikuwa wamepata sindano ya kwanza. Mtu anayetazama mistari hiyo miwili, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, atasema haraka kwamba wa kwanza ndio uliousukuma wa pili chini. Lakini mambo mawili yakitokea pamoja, hiyo peke yake haitoshi kusema moja limezaa lingine. Tunahitaji kuuliza maswali manne.

Swali la kwanza: ni nini kilichohesabiwa?

Hesabu inayotangazwa kila siku haihesabu wagonjwa wote. Inahesabu waliopimwa wakakutwa na virusi. Ukipima watu wachache, utakuta wachache, hata kama ugonjwa umejaa mtaani. Ukipima wengi, utakuta wengi, hata kama ugonjwa unapungua. Ndiyo maana ni vizuri kutazama pia katika kila watu mia waliopimwa, wangapi wamekutwa na virusi.

Uingereza walikuwa na njia nyingine ya kuhakikisha. Watafiti wa Imperial College London walituma vijiti vya kupimia kwa maelfu ya watu wa England waliochaguliwa bila kujali kama ni wagonjwa au wazima. Katika Januari 2021 walikuta watu kama 157 wenye virusi katika kila watu 10,000. Katika nusu ya kwanza ya Februari walikuta kama 51. Kwa hiyo kushuka kule kulikuwa kwa kweli. Hakukuletwa na watu kuacha kwenda kupimwa.

Swali la pili: tarehe zinasema nini?

Mtu akiambukizwa leo, huchukua siku kadhaa kabla hajaanza kuumwa, kisha siku nyingine kabla hajapimwa na jibu kutangazwa. Wanaofariki, kwa kawaida hufariki wiki mbili au tatu baadaye, au zaidi. Ndiyo sababu siku yenye vifo vingi zaidi kutangazwa katika wimbi lile, vifo 1,820, ilikuwa tarehe 20 Januari, wakati hesabu ya maambukizi ilikuwa tayari inashuka. Aliyetazama vifo tu siku ile angesema mambo yanaharibika, kumbe vifo vile vilitoka katika maambukizi ya wiki zilizopita.

Chanjo nayo ina siku zake. Mwili unahitaji wiki mbili au tatu kujenga kinga baada ya sindano. Kufikia siku zile za kwanza za Januari, waliokuwa wamechanjwa ni kama milioni 1.3 katika nchi ya watu milioni 67 hivi, yaani karibu wawili katika kila mia. Tena wengi wao walikuwa wazee sana, wakaaji wa nyumba za kutunzia wazee, na wahudumu wa afya. Vijana na watu wa makamo, ambao ndio hutembea na kukutana zaidi, walikuwa bado. Kundi dogo namna hiyo halikuweza kuushusha mstari wa nchi nzima katikati ya Januari. Kilichoushusha kwanza ni watu kuacha kukutana.

Hata waziri mkuu, Boris Johnson, ambaye serikali yake ilijivunia sana chanjo, alisema waziwazi tarehe 13 Aprili 2021 kwamba kazi kubwa ya kupunguza maambukizi na vifo ilifanywa na kufungiwa, wala si chanjo.

Swali la tatu: ni nani wamepungua?

Je, chanjo haikufanya kitu? Hapa ndipo wengi walipoteleza upande wa pili. Kujua kama chanjo inasaidia, usitazame jumla peke yake. Gawanya hesabu: waliochanjwa mapema weka huku, waliochelewa weka kule. Amri ya kubaki nyumbani inawagusa wote. Ikiwa ni amri hiyo peke yake inayofanya kazi, makundi yote mawili yatashuka kwa namna inayofanana. Ikiwa waliochanjwa mapema wanashuka kabla ya wengine na zaidi yao, basi kuna kitu kingine kinachowasaidia.

Israeli ilitoa mfano ulio wazi. Walianza kuchanja Desemba 2020, wakitanguliza watu wa miaka 60 na zaidi, na mwisho wa mwezi huohuo wakafunga nchi kwa mara ya tatu. Watafiti waliona kwamba maambukizi na kulazwa hospitalini vilipungua mapema na kwa kiasi kikubwa zaidi kwa wazee kuliko kwa vijana. Walipolinganisha na kufungwa kwa Septemba 2020, kabla ya chanjo, hawakuona tofauti hiyo. Kwa hiyo kufungiwa kulikuwa na sehemu yake, na chanjo ilikuwa na sehemu yake.

Swali la nne: breki ikiachiliwa, kunatokea nini?

Dereva anayeshuka mlima akikanyaga breki, gari hupunguza mwendo, lakini mlima bado upo. Kufungiwa ni breki. Kunapunguza kukutana, na kila mgonjwa anaambukiza chini ya mtu mmoja: wagonjwa kumi wanaambukiza wanane, wanane wanaambukiza sita, na hesabu inashuka. Lakini miili ya watu haijabadilika. Wakirudi kukutana bila kinga, hesabu hupanda tena. Kinga ya chanjo, hata kama hupungua kwa muda, hubaki mwilini milango inapofunguliwa.

Chile walijifunza jambo hilo kwa uchungu. Machi 2021 walikuwa kati ya nchi zilizochanja kwa haraka zaidi duniani, lakini maambukizi yalipanda, na mwisho wa mwezi mji mkuu, Santiago, ulifungwa tena. Watu wengi walikuwa bado hawajakamilisha chanjo, na walikuwa wamekwisha kurudi kukutana.

Kwa Uingereza jibu lilionekana Julai 2021. Masharti karibu yote yaliondolewa England tarehe 19 mwezi huo. Wakati ule aina ya Delta ilikuwa imeenea, na hesabu ilipita tena watu 50,000 kwa siku, karibu kama Januari. Lakini Januari vifo vilikuwa vinapita 1,000 kwa siku, na katikati ya Julai vilikuwa chini ya 100. Hapo ndipo kazi ya chanjo ilipoonekana wazi: ugonjwa ulikuwa bado unaenea, lakini hauui tena kwa kiasi kilekile.

Na kwetu?

Kwetu Kongo mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Chanjo zetu za kwanza, dozi milioni 1.7, zilifika tarehe 2 Machi 2021, lakini kuchanja kulianza tarehe 19 Aprili. Watu waliojitokeza walikuwa wachache, na dozi nyingi zilipelekwa nchi nyingine kabla hazijaharibika. Vipimo navyo vilikuwa vichache sana kwa nchi kubwa kama hii. Kwa hiyo hesabu ndogo ya kwetu haikuweza kusifiwa kwa chanjo ambayo watu hawakuipata. Wala haikuwa ushahidi kwamba ugonjwa haupo. Swali la yule mama muuguzi lilibaki palepale: wamepimwa wangapi?

Sisi wa Kivu na Ituri tulikuwa na somo letu wenyewe. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 iliua watu 2,287. Kwa ugonjwa ule tulijifunza kuhesabu siku 42 bila mgonjwa mpya kabla ya kusema umekwisha. Aprili 2020 zilikuwa zimebaki siku mbili tu kutangaza mwisho. Zilikuwa zimepita siku 52 bila mgonjwa mpya. Tarehe 10 mwezi huo akapatikana mwingine Beni. Mwisho wa kweli ulitangazwa tarehe 25 Juni. Hesabu ilikuwa imefika sifuri, na bado haikuwa mwisho. Nuhu naye hakufungua mlango wa safina siku ile maji yalipoanza kupungua. Alituma njiwa, akangoja siku saba, akatuma tena.

Wachungaji na wazee wa kanisa, watu wetu wanafuata yale tunayosema wakati wa matangazo. Wakiamua kurudi kujaza nyumba ya matanga, au kukataa sindano, mara nyingi ni kwa sababu ya neno walilosikia kwetu. Basi kabla ya kutangaza kwamba ugonjwa wowote umepungua, iwe korona, kipindupindu au surua, tuwaulize wahudumu wa afya walio katikati yetu: wamepimwa wangapi, hesabu hii ni ya siku gani, ni kundi gani limepungua, na ni kitu gani kinaizuia kupanda. Wakisema hawajui bado, tuwaambie waamini hivyohivyo, na tuendelee kunawa mikono mlangoni.