Sotoka na Ng'ombe wa Garissa

Sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe, iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kabla ya karne kwisha ilikuwa imefika kusini mwa bara. Sehemu nyingi iliua ng'ombe zaidi ya wanane katika kila kumi. Ng'ombe aliyeambukizwa alianza kwa homa, akatokwa na machozi na kamasi, mdomo ukajaa vidonda, kisha akaharisha hadi akafa, mara nyingi kabla ya wiki mbili kwisha. Kwa wafugaji wa nchi kame ambayo leo ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, kufa kwa ng'ombe kulikuwa njaa yenyewe, kwa kuwa maziwa ndiyo yaliyowalea watoto na mnyama aliyeuzwa ndiye aliyenunua nafaka.

Dawa ya kuiponya haikupatikana kamwe, ila kinga ilipatikana, tena nchini Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika maabara ya Muguga karibu na Nairobi, Walter Plowright na R. D. Ferris walikuza kirusi cha sotoka cha aina iliyoitwa Kabete katika chembe hai za figo za ndama. Walikihamisha kutoka kizazi hadi kizazi, mara 90 hivi, hadi kikapoteza nguvu ya kuuangusha mwili lakini kikabaki na uwezo wa kuufundisha kujikinga. Sindano moja ilimkinga ng'ombe kwa miaka mingi, na gharama yake ilikuwa ndogo. Mwaka 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo.

Kampeni kubwa ya kuchanja Afrika, iliyoanza 1962 na kumalizika 1976, ilikaribia kuufuta ugonjwa, kisha uchanjaji ukalegea na sotoka ikarudi kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kikwazo katika nchi za joto kilikuwa ukosefu wa barafu. Chanjo ya Muguga ilitaka ubaridi tangu kiwandani hadi kwenye boma, na malisho ya Garissa yanayoelekea mpaka wa Somalia hayakuwa na umeme, na barabara zake hazikupitika kirahisi. Katika miaka ya 1980 Jeffrey Mariner, mtafiti wa Marekani, aliboresha ukuzaji na ukaushaji wa chanjo hiyohiyo, ikaweza kukaa takriban mwezi mzima bila jokofu. Sasa ingeweza kubebwa kwa miguu au kwa ngamia, na katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki wafugaji wenyewe walifunzwa kuchanja.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, huduma za mifugo upande ule zilikatika. Biashara haikukatika: ng'ombe wa Jubba ya Chini, kusini mwa Somalia, waliendelea kuswagwa hadi soko la Garissa, na kutoka hapo wakapelekwa Nairobi na Mombasa. Mwaka 1994 sotoka iliua nyati na kudu wengi huko Tsavo, ilhali katika ng'ombe kirusi hicho kilikuwa kipole mno hata wataalamu wakashindwa kukiona. Ndipo watafiti walipoketi na wafugaji Wasomali na kuwauliza waliyoyaona kwenye mifugo yao. Wafugaji walieleza ugonjwa wa machozi na vidonda vya mdomoni usioua wengi, na maelezo yao yakaonyesha kirusi kilikojificha. Bila ushahidi huo maabara ingebaki gizani, na wafugaji wanastahili sifa sawa na wanasayansi.

Mlipuko wa mwisho kuthibitishwa duniani ulitokea mwaka 2001 miongoni mwa nyati wa Hifadhi ya Meru. Baadaye uchanjaji ulisimamishwa kwa makusudi, ili damu ya ng'ombe waliozaliwa baada yake ionyeshe kama kirusi bado kinazunguka. Kenya ilitambuliwa kuwa huru mwaka 2009, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kutokomezwa duniani, ugonjwa wa pili baada ya ndui.

Lakini sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ni ugonjwa mwingine, bado ipo. Ilithibitishwa nchini Kenya mwaka 2006, kuanzia Turkana, na dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa kikomo cha kuimaliza.