Umanjano si Homa: Hoja kutoka Morogoro

Katika Kiswahili cha zahanati, "homa ya manjano" hubeba mambo mawili tofauti. La kwanza ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ule ambao mwanasayansi Max Theiler alitengeneza chanjo yake mwaka 1937 na ambao msafiri huulizwa kadi ya chanjo yake mpakani. La pili ni hali ya macho na ngozi kugeuka rangi pale rangi ya manjano iitwayo bilirubini inapozidi katika damu. Makala hii inadai kwamba hali hiyo ya pili iitwe umanjano, na "homa ya manjano" iachiwe virusi peke yake. Morogoro inafaa kuipima hoja hii, kwa kuwa huko watafiti wamefuatilia kwa miaka mingi chanzo kimoja cha umanjano ambacho jina la zamani hukificha.

Chanzo hicho ni bakteria wa leptospira. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wamewachunguza katika panya, mifugo na binadamu, na aina mojawapo iliyogunduliwa huko ilipewa jina la Sokoine. Imewekwa katika kundi liitwalo Icterohaemorrhagiae, jina lililounganisha maneno ya Kigiriki ya kugeuka manjano na kutoka damu. Kumbe hata sayansi iliita ugonjwa kwa sura ya wagonjwa waliozidiwa, wa aina ile aliyoieleza daktari Adolf Weil mwaka 1886. Wengi wa wanaoambukizwa hawageuki manjano kamwe. Huumwa kichwa, hupata homa, misuli ya miguu huuma na macho huwa mekundu. Mkulima anayeingia majarubani na kidonda mguuni, penye maji yaliyochanganyika na mkojo wa panya au ng'ombe, akifundishwa kungojea rangi ya macho, atafika hospitali ini na figo zikiwa zimekwisha kudhurika. Ilhali akiwahi, dawa za kawaida kama penisilini na doksisaiklini zinamtosha.

Mwaka 2022, ugonjwa uliposhika watu wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, na vipimo vikaonyesha leptospira, Wizara ya Afya iliutangaza kwa jina la homa ya mgunda. Mgunda, katika lugha kadhaa za Kibantu za mashariki ya Tanzania, ni shamba. Jina hilo nalithamini sana. Linamwelekeza msikilizaji mahali anapoambukizwa, na linamhusu hata yule ambaye macho yake ni meupe.

Pingamizi kubwa lipo, nalo ni la haki. Kiswahili hakijawahi kufunga neno homa kwenye joto la mwili tu: tunasema homa ya ini, homa ya matumbo, homa ya mapafu, na hakuna anayepotea. Kwa nini basi homa ya manjano ituudhi? Kwa sababu majina hayo mengine hutaja kiungo kinachougua, ilhali hili hutaja rangi, na rangi hiyo huletwa na mambo mengi: selimundu, malaria kali, virusi vya ini, mawe ya nyongo, hata sumukuvu ya mahindi iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Dalili imevikwa vazi la ugonjwa.

Wako wanaopendekeza turudi kwenye safura, neno lililotoka Kiarabu likiwa na maana ya nyongo. Siafiki. Safura imekwisha kuhamia kwa minyoo inayonyonya damu na kumwacha mtu amepauka, na kuirudisha ni kuzaa mkanganyiko mwingine.

Anayeumia zaidi kwa jina hili ni mtoto mchanga. Zaidi ya nusu ya wanaozaliwa hupata umanjano katika juma la kwanza, na wengi hupona wenyewe. Lakini ukionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au ukipanda haraka, bilirubini inaweza kupenya ubongoni na kumwachia mtoto uziwi au ulemavu wa viungo. Mama aliyeambiwa mwanawe ana "homa" atafanya nini? Atamgusa kipaji cha uso, aone hakuna joto, na moyo utulie. Au atadhani ni ule ugonjwa wa chanjo ya mpakani. Katika ngozi nyeusi rangi hujificha. Yapasa kutazama weupe wa macho na fizi, mchana, penye mwanga. Kwa mzazi wa Kinole au Bunduki, anayeteremka Uluguru wakati wa masika barabara zikiteleza, saa zilizopotea kwa jina la kupotosha hazirudishwi na kumwotesha mtoto jua la asubuhi, ambalo haliwezi kushika nafasi ya taa za buluu za wodini zinazotibu umanjano.

Kwa hiyo muuguzi anapomruhusu mama baada ya kujifungua, amwambie hivi: mtoto akiwa na umanjano, hata kama hana joto, mlete leo. Na daktari anapoandika umanjano kwenye faili, kando yake aandike chanzo anachokishuku na kipimo alichokiagiza, iwe kundi la damu la mama na mtoto, selimundu, ini au leptospira. Wahariri wa kamusi nao watenganishe maana hizo mbili katika vidahizo viwili, pasipo kimoja kumrudisha msomaji kwa kingine.