Kambi Unayoikuta Tayari: Waliobeba Mahema Kabla ya Picha Kupigwa

Picha za kambi za Kilimanjaro zinajulikana. Hema la njano, kikombe cha chai kinachofuka moshi, nyuma yake Kibo na barafu yake. Mgeni amefika Shira saa kumi jioni, amechoka hoi, na kila kitu anakikuta tayari: hema limesimama, maji ya moto kwenye karai, bisi mezani. Kumbe waliofanya hayo yote walimpita njiani asubuhi, mizigo kichwani, wakamwambia "pole pole" huku wao wenyewe wakikimbia.

Hao ndio wapagazi. Mlimani wanaitana "wagumu", na kazi yao ni ya zamani kuliko utalii wenyewe.

Katika karne ya 19 hakukuwa na safari ya bara bila wao. Misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Kwenda walibeba vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba. Kurudi, pembe za ndovu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30. Wanyamwezi ndio waliovuma zaidi kwa kazi hii, na msidhani walikuwa wanyonge tu. Walipatana ujira na posho kabla ya kuondoka, na tajiri akiwaonea, anaamka asubuhi anakuta mizigo ipo, watu hawapo.

Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Meyer alikuwa ameshajaribu miaka miwili nyuma akashindwa. Safari hii alikuja na mpango mwingine: kambi kadhaa mlimani, na wapagazi wa kupandisha chakula ili asilazimike kushuka hadi chini kila akikwama. Mpango ukafaulu. Vitabu vikabaki na majina ya Wazungu wawili, na wengi wa waliopandisha chakula hakuna anayewataja.

Mwaka 1909 akaja Theodore Roosevelt, ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Aliteremka Mombasa, na msafara wake ukawa na wapagazi zaidi ya 200. Walibeba mahema, tani za chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama, na hata maktaba yake ndogo, mzigo kamili wa mtu mmoja. Yaani mtu alivuka nyika na vitabu vya mwenzake kichwani.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na hapo mzigo ukageuka kifo. Waingereza walikusanya wanaume kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, kubebea majeshi chakula na risasi. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliomalizwa na maradhi na njaa ni wengi kuliko waliopigwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Kitamke haraka haraka: Kariakoo. Kila anayeshuka daladala pale Dar es Salaam kununua viatu anawataja bila kujua. Nairobi nako kuna Kariokor.

Reli na magari vikaja kumpumzisha mpagazi karibu kila mahali. Mlimani hapana. Kilimanjaro ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973, na hadi leo kutoka msitu wa Machame, kupitia jangwa la mawe, hadi kambi ya Barafu, hema linapanda kwa shingo ya mtu. Tofauti ni kwamba sasa kuna mizani getini, na mzigo wa kampuni haupaswi kuzidi kilo 20.

Lakini mizani haipimi kila kitu. Haioni koti jepesi kwenye baridi ya usiku wa Barafu, wala mlo mmoja kwa siku, wala bahasha ya bakshishi iliyopungua kabla haijamfikia mwenyewe. Ndiyo maana mtalii mjanja humuuliza wakala mapema: wapagazi wanalipwa kiasi gani, wanalala wapi, wanakula mara ngapi? Na siku ya mwisho, getini, bakshishi huiweka mkononi mwa aliyebeba, akimwita kwa jina lake.