Mashua na Meli Zilizopita Singida: Nani Humpokea Mgeni Bandarini?

Mkoa wa Singida hauna bahari wala bandari. Maji yake yanayojulikana ni ya maziwa ya Singidani na Kindai, na sifa zake zinazotajwa sana ni alizeti, asali, miamba na kuku. Hata hivyo, katika kipindi kisichozidi miaka arobaini, ardhi ya mkoa huu ilipitiwa na vyombo viwili vya majini vilivyoacha alama katika historia ya Afrika. Mwaka 1875 ilipita mashua iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1914 ikapita meli nzima, imefungwa ndani ya makasha, juu ya mabehewa ya reli. Safari hizo mbili zina la kutufunza kuhusu suala ambalo leo linajadiliwa kama jambo la starehe tu: abiria wa meli ya kitalii akishuka bandarini, afuate ziara aliyopangiwa na meli, au atembee mwenyewe?

Suala hilo linatuhusu. Meli za kitalii hutia nanga Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, na abiria wake hukaa nchi kavu kwa saa chache tu. Wapo wanaonunua ziara humo humo melini: Mji Mkongwe asubuhi, mashamba ya viungo mchana, kisha kurudi. Wapo wanaotoka langoni mwa bandari kwa miguu yao, wakajitafutia teksi, chakula na mtu wa kuwaongoza. Wanaowashauri wasafiri hulipima jambo hili kwa mizani ya bei, usalama na uhuru wa mgeni. Mizani hiyo ina upungufu mmoja mkubwa: mwenyeji hayumo. Hoja yangu ni kwamba ziara iliyopangwa si utumwa kwa sababu tu imepangwa, na matembezi ya kujitegemea si uhuru kwa sababu tu hayana mpangaji. La kuuliza kwanza ni hili: utaratibu wa kumpokea mgeni uko mikononi mwa nani?

Mwenye kisima ndiye mwenye bandari

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilivuka Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, pori lenye uhaba mkubwa wa maji ambalo leo sehemu yake kubwa imo katika wilaya ya Manyoni, upande wa Itigi. Msafara ule ulifanana na meli kwa mambo mengi. Ulikuwa na mamia ya watu, ulibeba mali yake yote, na uliishi kwa kutegemea vituo. Kituo kilikuwa na vitu viwili ambavyo msafara haukuweza kuvibeba vya kutosha, yaani maji na chakula.

Katika nchi kavu namna ile, mwenye kisima ndiye mwenye bandari. Watemi wa Ugogo walilijua hilo, wakatoza hongo. Mkuu wa msafara alipiga kambi, akatuma wajumbe, na majadiliano yakaanza kuhusu idadi ya nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Majadiliano yaliweza kuchukua siku kadhaa. Burton na Speke waliopita mwaka 1857, na Henry Morton Stanley aliyepita mwaka 1871, wote walilalamika kwa uchungu, na vitabu vyao vimewafanya wasomaji wa Ulaya waamini kwamba hongo ilikuwa unyang'anyi.

Tulitazame jambo hili kutoka upande wa pili. Msafara wa watu mia tatu ukikaa siku tatu hunywa maji ya ng'ombe wa kijiji na hununua nafaka mpaka bei ikapanda. Malipo yaliyokubaliwa waziwazi, mbele ya wazee, yalikuwa ada ya matumizi ya rasilimali na dhamana ya amani. Mgeni akishalipa, alikuwa na haki ya maji na ya kupita. Leo neno hongo lina maana ya rushwa, kitu kinachotolewa gizani. Lilianza kama jina la malipo ya hadharani, na mgeuko huo wa maana unastahili kutafakariwa na kila mtumishi wa umma.

Kwa hiyo njia kuu ya misafara ilikuwa ziara iliyopangwa hasa. Vituo vilijulikana, bei ilikuwa na kawaida yake, kirangozi aliijua njia, na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wameipita mara nyingi. Tofauti yake na ziara ya meli ya leo ni kwamba waliopanga walikuwa wenyeji na wapagazi. Tajiri wa msafara alikuwa mteja.

Mashua iliyoiacha njia

Stanley aliondoka Bagamoyo kwa mara ya pili tarehe 17 Novemba 1874, akiwa na watu takribani 350 na mashua yake, Lady Alice. Mashua hiyo ilikuwa na urefu wa karibu meta 12, ilitengenezwa Uingereza, na iligawanywa vipande ili ibebwe na watu. Safari hii hakutaka kupitia Unyanyembe. Alitaka njia ya mkato ya kufika Ziwa Victoria, hivyo mwanzoni mwa mwaka 1875 aliiacha njia kuu akiwa Ugogo, akageukia kaskazini-magharibi. Kwa lugha ya leo, aliamua kujitembeza mwenyewe.

Matokeo yalikuwa machungu. Waongozaji aliowapata walimtoroka porini, na njia ikapotea katikati ya nyayo za tembo na faru. Njaa ikaua watu. Ilibidi watumwe wenzao mbele kutafuta nafaka, na waliobaki wakapikiwa uji mwepesi ndani ya sanduku la bati la kuwekea nguo, kwa sababu hapakuwa na sufuria ya kutosha umati ule. Tarehe 17 Januari 1875, katika nchi ya Wanyaturu, Mwingereza kijana Edward Pocock alifariki kwa homa na kuzikwa huko huko.

Siku chache baadaye msafara ulifika mahali Stanley alipopaita Vinyata, katika Ituru. Kwanza palikuwa na zawadi, ng'ombe kwa nguo. Kisha mmoja wa watu wa msafara aliyebaki nyuma akakutwa ameuawa, ikazuka shutuma kwamba wageni wameiba maziwa, na mapigano yakaanza yaliyodumu siku tatu. Stanley alipoteza watu zaidi ya ishirini. Naye aliteketeza vijiji na kuchukua nafaka. Habari hizi tunazo kwa kalamu ya upande mmoja, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1878. Wanyaturu waliouawa hawana idadi ya kuaminika humo, na sababu zao hazikuulizwa.

Ni rahisi kusema kwamba Stanley alikutana na watu wakali. Maelezo yenye uzito zaidi ni kwamba alikuwa ametoka nje ya mkataba. Katika njia kuu, hata tajiri mkorofi na mtemi mwenye tamaa walijua mazungumzo yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Ituru haikuwa na kawaida ya kupokea msafara mkubwa wenye bunduki unaotokea porini ukiwa na njaa. Hapakuwa na bei iliyojulikana, wala mtu wa katikati anayeaminiwa na pande zote, wala namna ya kulipia kosa dogo kabla halijawa kubwa. Maziwa, ambayo kwingine yangelipiwa kwa shanga, yaligharimu vijiji.

Kisa hicho kilijirudia majini. Lady Alice ilishushwa Ziwa Victoria mwezi Machi 1875, na tarehe 28 Aprili Stanley aliifikisha kisiwani Bumbire akitafuta chakula. Wenyeji waliivuta mashua nchi kavu na kuchukua makasia. Wageni wakaponyoka kwa kufyatua risasi. Mwezi Agosti Stanley alirudi akiwa na nguvu kubwa zaidi, akawapiga wenyeji risasi kutoka majini, makumi wakafa. Hata Uingereza kwenyewe alilaumiwa. Mgeni aliyekosa mapokezi aliyoyataka alirudi kuyaadhibu mapokezi hayo.

Meli ndani ya makasha

Utawala wa Kijerumani ulipoimarika, haki ya watemi kutoza hongo ilifutwa. Kisha ikaja reli: Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, Kigoma mwezi Februari 1914. Kilimatinde, iliyokuwa kituo muhimu cha utawala kwenye njia ya misafara, ikabaki pembeni, na Manyoni ikakua. Msafiri hakuhitaji tena ruhusa ya mwenye kisima, kwa kuwa maji yalikuwa ya injini, na ratiba ilitoka Dar es Salaam.

Ni kwa reli hiyo meli ya Graf von Götzen ilipita Manyoni na Itigi. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, ikafunguliwa, ikafungashwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1915. Ilibeba jina la gavana ambaye chini yake vita vya Maji Maji vilizimwa kwa moto na njaa. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Karakana ile ile ya Meyer leo ni miongoni mwa wajenzi wakubwa wa meli za kitalii duniani.

Liemba inatupa mfano wa tatu, na huu una matumaini. Kwa miongo mingi meli hiyo ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu nchini Zambia, ikisimama katika vijiji ambavyo vingi havikuwa na gati. Meli ilipiga honi mbali na ufuko, na mitumbwi ikaja. Wenye mitumbwi ndio walioshusha abiria, magunia ya dagaa, mananasi na watoto, kwa nauli yao wenyewe. Mtalii aliyetaka kushuka Kipili au Lagosa alipita mikononi mwao kama abiria mwingine yeyote. Kipande cha mwisho cha safari kilikuwa mali ya pwani.

Uzio unaosogea

Sasa turudi kwenye meli za leo. Ziara inayouzwa melini ina faida za kweli. Ikichelewa, meli husubiri, ilhali anayejitembeza akichelewa huachwa. Ziara hiyo huajiri madereva na waongozaji wenye leseni, na humkinga mgeni dhidi ya wale ambao Wazanzibari huwaita papasi. Lakini bei hupangwa na meli, fungu lake hukatwa kabla mwongozaji hajaonja chochote, na saa za kukaa nchi kavu ni chache kiasi kwamba chakula huliwa melini. Kampuni ya bandarini inayojadiliana na meli yenye abiria elfu mbili haina kisima cha kuizuilia. Ikikataa bei, meli ina bandari nyingine.

Mwisho wa mantiki hiyo umeonekana Karibi. Huko Labadee, Haiti, kampuni ya Royal Caribbean ilikodi ufuko tangu mwaka 1986 na kuuzungushia uzio. Abiria walishuka Haiti bila kukutana na Haiti. Hapo hata swali la kuchagua ziara au kujitembeza limekufa, kwa sababu nje ya ufuko wa kampuni hapana pa kwenda.

Msomaji wa Singida asidhani kwamba uzio huo uko mbali. Kwa miaka mingi treni ya reli ya kati iliposimama Saranda au Itigi, akina mama walifika madirishani na kuku, ugali, asali na karanga. Hakuna wizara iliyowapangia. Ilikuwa hongo kwa maana yake ya zamani: mgeni anapita, mgeni analipa, mgeni anashiba. Reli ya kisasa, ambayo kipande chake cha Makutupora hadi Tabora kinapita mkoani humu, huja na stesheni zenye uzio na mabehewa ambayo madirisha yake hayafunguki. Usafi, usalama na mwendo ni mambo mema, na sitetei watu kukimbilia treni. Nauliza tu kama katika michoro ya stesheni hizo kuna nafasi iliyotengwa kwa mama wa Saranda, au kama chakula cha abiria kitatolewa kwa zabuni iliyoshindaniwa Dar es Salaam.

Serikali imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kuweka masharti. Amri ya Julai 2025 iliwakataza wasio raia kufanya biashara 15, ikiwamo ya kuongoza watalii. Hatua hiyo inalinda jina la mwongozaji, lakini haigusi bei yake. Mwongozaji raia anayelipwa kilichobaki baada ya kila mwenye mkono mrefu kuchukua chake bado ni mpagazi, tena mwenye nguvu ndogo kuliko mpagazi wa Kinyamwezi aliyeweza kugoma na kutua mzigo katikati ya Mgunda Mkali.

Tunachohitaji ni utaratibu ulio mikononi mwa wenyeji: vyama vya ushirika vya waongozaji na wachuuzi vyenye nguvu ya kujadiliana na meli au shirika la reli kwa pamoja, ada inayotangazwa hadharani na kuonekana inakokwenda, na mikataba ya bandari na stesheni inayotaja saa za mgeni kukaa na sehemu ya soko la wenyeji, kama inavyotaja kina cha maji na urefu wa jukwaa. Mgeni akikuta utaratibu wa namna hiyo, achague apendavyo. Akinunua ziara, fedha itafika. Akitembea mwenyewe, hatapotea kama Stanley alivyopotea Ituru, kwa maana atakuta watu waliojiandaa kumpokea.

Walioko katika halmashauri za Manyoni, Itigi na Singida wana muda mfupi wa kulijibu swali hili kabla treni ya kwanza haijapita. Wanafunzi wangu wa historia nawapa kazi iliyo nyepesi zaidi: nendeni Saranda, mkaandike majina ya wanaouza pale na miaka waliyouza, kabla haijaandikwa tena kwa kalamu ya upande mmoja.