Msalaba Uliokatwa Kichwa

Enzi za kati, vijiji vingi vya Uingereza vilikuwa na msalaba wa mawe: ngazi chini, nguzo ndefu, juu kichwa kilichochongwa. Hapo padri alihubiri, matangazo yakasomwa, na siku ya soko watu wakauziana mayai na siagi. Nani angethubutu kupunja mizani chini ya msalaba?

Halafu 1643, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikichacha, Bunge likaamuru misalaba ya hadharani ibomolewe, eti ni ushirikina. Vichwa vingi vikaenda. Lakini kwingi ngazi zilibaki na kisiki cha nguzo, na watu bado wakaketi pale kupiga stori. Baada ya 1918, vijiji kadhaa vilitengeneza misalaba hiyo kuwakumbuka vijana wao waliofia vitani.

Bunge liliweza jiwe. Kijiwe halikukiweza.