Vigari vya plastiki, kalibu zilizofutwa, na swali la usahihi

Leo tuweke kando seva na hifadhidata, tuzungumze kuhusu vigari vya plastiki: vile vinavyouzwa kwenye boksi vikiwa vipande vipande, nawe unaviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi. Usinikimbie! Hii ni hadithi ya viwanda vilivyokuwa vikiandika juu ya faili ileile kila mwaka bila kuweka nakala, na ya watu ambao hadi leo wanabishana ni toleo lipi lililo la kweli. Kama umewahi kutumia Git, utaielewa upesi.

Magari yenyewe kwanza

Wengi wetu Dodge Charger ya mwaka 1970 tuliiona kwenye filamu ya The Fast and the Furious (2001). Hilo ni mojawapo ya magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Fomula yake ni rahisi: chukua gari la ukubwa wa kati, lisilo ghali sana, kisha ulitie injini iliyokusudiwa gari kubwa.

Wengi huanza kuhesabu na Pontiac GTO ya mwaka 1964. General Motors ilikuwa na sheria ya ndani kwamba magari ya ukubwa wa kati yasipewe injini inayozidi inchi 330 za ujazo. John DeLorean na wahandisi wenzake pale Pontiac wakapata upenyo. Injini ya inchi 389 (karibu lita 6.4) waliitoa kama nyongeza ambayo mteja huichagua anapoagiza Tempest LeMans, si kama gari jipya. Walitarajia kuuza 5,000 mwaka huo, yakauzwa 32,450.

Wapinzani hawakulala. Chrysler ilileta injini yake ya Hemi, inchi 426, kwenye magari ya barabarani mwaka 1966. Plymouth Road Runner ikafuata mwaka 1968. Kufikia 1970 Chevrolet ilikuwa ikiuza Chevelle SS 454 ya nguvu-farasi 450. Kisha sheria ya hewa safi ya mwaka 1970, bima ghali kwa vijana na mgogoro wa mafuta wa 1973 vikamaliza sherehe.

Kutoka kwa muuza magari hadi kwenye boksi

Vigari vilianza kabla ya hapo. Mwaka 1948, katika eneo la Detroit, wakili aitwaye West Gallogly alianzisha kampuni ya Aluminum Model Toys, yaani AMT. Kigari chake cha kwanza kilikuwa cha Ford, kwa aluminiamu kama jina linavyosema. Muda si mrefu wakahamia plastiki.

Angalia vizuri mteja wake alikuwa nani. Vigari hivi vilitengenezwa kwa ajili ya wauza magari, wavitumie kuonyesha umbo na rangi za gari la mwaka mpya au kumpa mtoto wa mteja. Kampuni ya magari ndiyo iliyotoa michoro na kuidhinisha kazi, maana kigari kilikuwa tangazo lake. Ndiyo sababu bodi za vigari vingi vya enzi hizo zinasifiwa hadi leo: zilitokana na michoro ya kiwandani.

Mwaka 1958 AMT ikapata wazo zuri. Badala ya kigari kilichokwisha kuunganishwa, wakauza vipande kwenye boksi, pamoja na vipande vya ziada ili mnunuzi achague kati ya gari la kawaida, lililorembwa au la mashindano. Vijana wakavipenda. Jo-Han ya John Hanley, pia ya Detroit, ilikuwa kwenye biashara hiyohiyo. Mwaka 1963 George Toteff, aliyetoka AMT, akaanzisha MPC huko Mount Clemens, Michigan. Wote hawa walitumia skeli ya 1/25. Monogram, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1945, ilipendelea 1/24, ambayo ni sawa na nusu inchi kwa kila futi moja.

Kwa hiyo magari ya misuli yalipofika, mtambo wa kuyatolea vigari ulikuwa tayari. Kila mwaka gari jipya, kila mwaka kigari kipya.

Faili moja, bila nakala

Hapa ndipo mtu wa programu atakapokaa vizuri kitini. Kalibu ya chuma ya kumwagia plastiki ni ghali sana. Gari la 1969 likiwa linafanana kwa sehemu kubwa na la 1968, kiwanda hakichongi kalibu mpya. Kinachukua ileile ya mwaka jana, kinachonga grili mpya, kinabadilisha taa za nyuma, kinaziba alama za ubavuni, kisha kinaendelea na kazi.

Umeona tatizo? Siku kalibu ya 1968 inapogeuzwa kuwa ya 1969, umbo la 1968 linatoweka. Hakuna nakala, hakuna kurudi nyuma. Kilichobaki ni vigari vilivyokwisha kuuzwa, na vingi vyavyo viliishia kulipuliwa kwa fataki au kusukumwa kwenye mchanga, kama ilivyo kazi ya mtoto.

Miaka ya baadaye kampuni zilipotaka kuuza tena vigari vya zamani, zilikuta kalibu zimebaki katika hali ya mwisho tu. AMT ilipita mikono kadhaa, kwanza Lesney wa Matchbox, kisha Ertl, ambayo baadaye ilichukua na MPC. Leo majina yote mawili yako chini ya Round 2. Revell na Monogram ziliunganishwa mwaka 1986. Katika miaka ya karibuni baadhi ya maumbo yaliyopotea yamerudishwa kwa kuchukua vipimo vya vigari vya zamani na kuchonga kalibu mpya. Ni habari njema, lakini mtu wa programu anajua hatari yake: ukinakili nakala, unanakili na hitilafu zake.

Tena hitilafu zilikuwepo tangu mwanzo. Kigari kilipaswa kuwa tayari gari likiingia sokoni, hivyo kazi ilianza kwa michoro ya mapema. Wasanifu wakibadilisha kitu dakika za mwisho, kigari kinaweza kubaki na kile cha awali. Na chini ya bodi mambo yalikuwa mepesi kupita kiasi. Bomba la moshi lilikuwa mchoro ulioinuka kwenye sakafu ya plastiki, na katika vigari vingi ekseli ya mbele ilikuwa waya wa chuma unaopita katikati ya injini. Ndiyo, katikati ya injini! Kwa nje gari la Detroit, kwa ndani mshikaki.

Kesi ya Daytona na Superbird

Tuchukue mfano mmoja unaoonyesha ugumu wa kuamua usahihi. Mwaka 1969 Dodge ilitaka kushinda mbio za NASCAR, na sheria zilidai magari 500 ya aina hiyo yauzwe kwa umma. Ikazaliwa Charger Daytona: pua ndefu iliyochongoka na bawa la nyuma lenye kimo cha inchi 23. Yalitengenezwa 503. Tarehe 24 Machi 1970 Buddy Baker aliendesha Daytona kwa zaidi ya maili 200 kwa saa kwenye uwanja wa Talladega, wa kwanza kufanya hivyo katika uwanja wa NASCAR. Mwaka huo Plymouth nayo ikatoa Superbird, na Richard Petty akarudi Plymouth kuiendesha.

Kwa mbali ni mapacha. Kwa karibu siyo kabisa. Bawa la Superbird ni refu zaidi na limelala nyuma zaidi. Pua zao hazifanani. Superbird ina paa la vinaili, lililosaidia kuficha mishono ya chuma kilichoongezwa kuzunguka kioo cha nyuma. Fundi anayeweka bawa la Daytona kwenye Superbird amekosea, hata kama rangi yake inang'aa kama kioo.

Lakini subiri. Daytona zilibadilishwa na kampuni ya Creative Industries pale Detroit, kwa kazi nyingi ya mikono, si kwenye mkondo wa kawaida wa kiwanda. Nafasi za paneli hazikufanana kutoka gari moja hadi jingine. Superbird nyingi hazikununuliwa upesi, na wauzaji wengine waliziondoa pua na bawa ili ziuzike kama Road Runner za kawaida. Baadaye bei zilipopaa, magari yalikarabatiwa, na gari lililokarabatiwa mara nyingi hutoka safi kuliko lilivyotoka kiwandani. Sasa niambie: ukisema kigari si sahihi, umekilinganisha na gari lipi? Lile la michoro, la kiwandani siku ya kwanza, la uwanja wa mbio, au la maonyesho ya leo?

Kupima bila kelele

General Motors iliwahi kuwa na jibu rahisi. Mashindano yake ya vijana, Fisher Body Craftsman's Guild (1930 hadi 1968), mwanzoni yaliwataka washiriki watengeneze nakala ndogo ya gari la farasi la enzi za Napoleon. Wote walifuata mchoro mmoja, na zawadi kubwa ilikuwa ufadhili wa masomo. Kipimo kilijulikana. Kwa magari ya misuli hakuna mchoro mmoja wa namna hiyo, na mashindano mengi ya leo, kama yale ya IPMS, hutazama kwanza ufundi wa msingi: mishono, ulinganifu, usafi wa rangi.

Hata hivyo mambo mengi yanapimika. Charger ya 1969 ina inchi 117 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gawanya kwa 25, unapata milimita 118.9. Gawanya kwa 24, unapata 123.8. Tofauti ni milimita 5 hivi, na kwenye gari halisi hizo ni zaidi ya sentimita 12. Kabla ya kulalamika kwamba bodi ni fupi, soma skeli kwenye boksi.

Pili, unene. Plastiki ya milimita 1 kwenye 1/25 ni sentimita 2.5 kwenye gari halisi. Hakuna kioo wala ukingo wa fenda wenye unene huo, ndiyo maana mafundi wazuri hukwangua kingo kwa ndani. Mwanya wa mlango wa milimita 5 unapaswa kuwa milimita 0.2. Vinyweleo vya paa la vinaili visingeonekana kabisa, lakini kiwanda huvichonga kwa sababu bila hivyo mnunuzi atadhani vimesahauliwa. Hapo kosa la kipimo limewekwa makusudi ili jicho liridhike.

Tatu, jicho lenyewe hudanganya. Ukikitazama kigari mezani kutoka sentimita 40 juu yake, ni kama uko mita 10 juu ya gari. Nani huliona gari hivyo isipokuwa mtu aliye ghorofani? Kamera weka sentimita 6.4 kutoka juu ya meza, sawa na macho ya mtu yaliyo mita 1.6 juu ya ardhi. Simama nayo mbali kiasi, maana lensi ikiwa karibu huvimbisha pua na kudidimiza paa. Mabishano mengi kuhusu paa lililo chini mno huanzia kwenye picha mbaya.

Kwa nini tujali?

Utasema, haya ni mabishano ya watu wazima kuhusu vitu vya watoto. Sivyo. Magari mengi ya misuli yaliisha kwa ajali, kutu au kusagwa kuwa vyuma chakavu. Viwanda vingi vilivyoyatengeneza vimefungwa. Plymouth yenyewe ilikoma mwaka 2001, Pontiac mwaka 2010. Kigari cha 1968 kilichobaki ndani ya boksi lake ni ushahidi wa namna gari lilivyokuwa kabla ya mtu yeyote kulikarabati, lakini ni ushahidi wenye nia yake: kilitengenezwa ili kuuza gari. Kwa bodi kinaweza kuaminika kuliko gari lililofanyiwa ukarabati mara tatu. Kwa injini iliyotobolewa na waya, hakiaminiki hata kidogo.

Kwa hiyo sheria yangu ni ileile ya kazini. Kabla ya kusema kitu kina kosa, taja unakilinganisha na toleo lipi. Fundi makini huweka kando ya kigari chake karatasi ndogo: gari la mwaka gani, kalibu ya asili ya mwaka gani, picha alizofuata, na alichobadilisha kwa mkono wake. Waamuzi wakiiona hiyo, ubishi unapungua nusu. Na miaka 50 ijayo, atakayekishika kigari hicho atajua nini ni Detroit na nini ni wewe.

Jambo ambalo viwanda vya vigari vilishindwa kulifanya kwa miaka mingi, sisi tunalifanya kila siku kwa amri moja tu. Tusiwe wavivu. Weka kumbukumbu ya ulichobadilisha, halafu ndiyo ubadilishe.

Haya, tuonane makala ijayo. Tutarudi kwenye hifadhidata, naahidi.